Daktari Fungua Tena na Kadi ya Fundi Cherehani

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa na sisi, wengine kivulini na wengine juani kwa sababu viti vya kivulini viliwahiwa, familia inawashukuru na inawaomba mtulie msikilize maisha ya marehemu, ambayo yameandikwa na dada yake mkubwa kwa mkono wake, na yanasomwa na binti yake wa kwanza, na mkisikia mahali maneno hayajapangwa vizuri mjue mwandishi aliishia darasa la tatu, na mkisikia mahali yamepangwa vizuri kupita kiasi mjue msomaji ametia mkono, jambo ambalo alikatazwa.

KUZALIWA

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Juni 1953, saa saba mchana, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mabati, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa baba fundi mabati na mama wa nyumbani, ila wale wawili wa katikati walifariki wakiwa wachanga, kwa hiyo waliokua ni wawili tu, yeye na dada yake aliyemzidi miaka tisa, na dada huyo alitolewa shule mwaka ule ule ili amshike mtoto, na hakurudi tena, na hilo linatajwa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, hakuna anayeomba kuonewa huruma hapa.

Alikuwa mtoto wa kuchungulia. Kila penye tundu yeye jicho, kila chenye kifuniko yeye kisu, alifungua kufuli la baba kwa waya, akafungua saa ya jirani, akafungua redio ya mjomba wake, na katika vyote hivyo hakuna hata kimoja alichokifunga kikarudi kama kilivyokuwa, na dada yake ndiye aliyezunguka kuomba radhi nyumba kwa nyumba, kwa hiyo kazi ya kuomba radhi kwa niaba ya marehemu hakuianza leo.

Mama yao alifariki tarehe 2 Mei 1960, marehemu akiwa na miaka sita na miezi kumi, na kuanzia siku hiyo alilelewa na dada yake, ambaye alimpiga inavyostahili na kumlisha inavyowezekana.

ELIMU

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1961 hadi Desemba 1967, na sekondari kuanzia 1968 hadi 1971, akifaulu vizuri hesabu na kuchora, na akifeli kuimba, kisha alikaa nyumbani mwaka mzima akimsaidia baba kushika mabati, na mwezi wa Machi 1973 alichaguliwa kujiunga na chuo cha tabibu wa meno, akahitimu tarehe 28 Mei 1976, na picha ya siku hiyo ipo mezani pale mbele, yeye ndiye mwenye suruali fupi kidogo, alikuwa amerefuka tangu iliposhonwa.

Mwaka 1978, kuanzia Februari hadi Novemba, alirudi chuoni kujifunza kutibu mizizi ya jino, yaani kazi ya kulitoboa jino lililooza hadi ndani, kulisafisha kwenye mifereji ya mizizi yake kwa vifaili, tupa ndogo nyembamba kama nywele, na kuliziba, ili mtu abaki na jino lake badala ya kung'olewa, na huko alifundishwa kwamba gego kubwa la juu, lile la kwanza, lina mizizi mitatu na mifereji mitatu, mmoja kwa kila mzizi. Mwalimu alisema mitatu, kitabu kikasema mitatu, naye akarudi mjini na mitatu yake, ameibeba kama vile ameitunga mwenyewe.

KAZI

Aliajiriwa siku ya Jumatatu, tarehe 5 Julai 1976, katika kituo cha afya cha mjini, chumba cha meno, ambacho kilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha moja la kutazama mashariki, kiti kimoja cha kupandishwa kwa mguu, taa iliyowaka ikijisikia, sinki lenye ufa, na nje ya mlango benchi refu la mbao la kukaliwa na watu wanane ambalo siku za Jumatano lilikaliwa na kumi na watatu, na mlango wenyewe ulikuwa haufungi vizuri, kwa hiyo lililosemwa ndani lilisikika nje, na benchi hilo mlikumbuke, tutalirudia.

Aliporudi kutoka kwenye mafunzo yale, kuanzia Desemba 1978 hadi Septemba 1980, alitibu mizizi ya magego makubwa ya juu ya watu sitini na watatu, akasifiwa na mkuu wa kituo mbele ya wageni, akanunua koti jeupe la pili, na kichwa kikavimba, dada yake alimwambia hivyo wakati ule ule, hakusubiri afe.

Katika watu hao alikuwemo fundi cherehani, binti wa miaka ishirini na minne, aliyekuwa anashona sare za shule katika safu ya mafundi iliyokuwa nyuma ya posta. Alitibiwa siku ya Jumatano, tarehe 22 Agosti 1979, gego la juu upande wa kulia, mifereji mitatu ikasafishwa, mitatu ikazibwa, akaambiwa amepona. Hakupona. Alirudi baada ya wiki mbili akisema jino linamuuma akinywa kitu cha moto, akapewa vidonge, akarudi mara ya pili, akapewa vidonge vingine, na mara ya tatu, ambayo ni Jumatano tarehe 10 Oktoba 1979, marehemu aliitazama picha ya eksirei kwenye dirisha lile, akaona mifereji yake mitatu imejaa vizuri, nyeupe, imenyooka, hakuona kosa, akamwambia kwa sauti aliyoirithi kwa baba yake, ambaye alizoea kuongea juu ya mlio wa nyundo: "Jino hili limekufa, nimeliua mwenyewe, na jino lililokufa haliumi. Kinachouma ni mawazo. Nenda kashone."

Benchi likacheka. Maneno hayo hayakutungwa, anayakumbuka neno kwa neno muuguzi wa chumba kile, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Bi Ganzi, amekaa pale amevaa miwani, na yeye anasema alicheka pia, na ameomba hilo lisomwe. Kwenye kadi ya mgonjwa marehemu aliandika: Maumivu ya mawazo, asirudishwe. Binti akatoka, akalipita benchi zima, na hakuonekana tena kituoni hapo.

Miezi minne baadaye, Jumatatu tarehe 11 Februari 1980, ikawa zamu ya dada yake mwenyewe, gego lile lile, ila la kushoto. Mifereji mitatu, ikasafishwa, ikazibwa, dada akaambiwa amepona. Usiku halilali, mchana halitulii, chai haipiti upande ule, akamwendea mdogo wake nyumbani, akaambiwa yale yale ya jino lililokufa, ingawa kwa sauti ndogo kwa sababu huyo alikuwa amezoea kumpiga. Dada akamwuliza kama jino haliumi basi kinachovimba shavuni ni nini, mto? Akaambiwa apunguze mawazo. Alivumilia miezi saba kwa sababu alikuwa anamwamini, kosa ambalo hakulirudia, na siku ya Jumanne tarehe 23 Septemba 1980 alikwenda kwa mganga mkuu mstaafu aliyekuwa na koleo lake nyumbani, akang'olewa jino saa mbili asubuhi, akalifunga kwenye leso, na saa tatu na nusu alikuwa amelipita benchi lote bila kushika foleni, na pamba mdomoni, akaliweka jino juu ya meza ya mdogo wake akamwambia: "Nimekuletea mgonjwa wako. Mpime tena kama anawaza."

Marehemu alilisugua jino lile kwenye jiwe la kunolea visu, taratibu, kutoka juu kwenda chini, akitazama kwa lenzi, Bi Ganzi anamwagia maji, dada amekaa kwenye kiti cha wagonjwa kwa sababu ndicho kilikuwa wazi. Mfereji wa kwanza ukatokea, umezibwa vizuri. Wa pili, vizuri. Wa tatu, vizuri. Na kando ya ule wa mbele, umejificha chini ya kiukingo kama mdomo wa mfuko uliopinduka, ukatokea wa nne, mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo, mweusi, haujaguswa, na harufu yake ikajaa chumba.

Jambo lenyewe ni dogo kulieleza. Mzizi ule wa mbele, upande wa shavu, kwa nje unaonekana mmoja, lakini kwa ndani mara nyingi una mifereji miwili, na ule wa pili hauonekani kwenye picha kwa sababu umesimama nyuma ya mwenzake. Magego hayo kila mmoja wenu ana mawili, kulia na kushoto, kama bado anayo, na msianze kuyagusa kwa ulimi sasa hivi, sikilizeni kwanza.

Marehemu hakusema pole. Alikaa na jino mkononi hadi benchi likaanza kunung'unika, kisha akamwambia Bi Ganzi atoe kadi zote za magego yale tangu siku ya kwanza, na zikatoka sitini na mbili, ukimwongeza dada ambaye hakuwa na kadi ni sitini na tatu, na jioni hiyo alianza kuzipanga kwa mitaa.

Mkuu wa kituo alipopata habari alimkataza, akamwambia ukiwaita watu kuwaambia umekosea, kesho nani atakaa kwenye kiti hiki, na marehemu akamjibu kwamba wataketi wanaoumwa, hana wengine. Kwa kuwa alinyimwa siku za kazi alitumia Jumamosi, kwa baiskeli, mtaa kwa mtaa, akibisha hodi na kuuliza swali moja tu, linauma au haliumi, na watu wengine walimkaribisha, wengine walimfungulia mbwa. Kazi hiyo ilichukua miaka miwili na miezi mitatu, hadi Desemba 1982, na hesabu yake ni hii: arobaini hawakuwa na shida, ama mfereji wao wa nne haukuwepo ama ulikuwa umelala kimya, akawaacha, kumi na wanne walikuwa wanaumwa na kunyamaza, akawafungua upya, akautafuta mfereji, akausafisha, na wakabaki na meno yao, wanane walikuwa wameshang'oa, akiwemo dada yake, na mmoja hakupatikana. Huyo mmoja ni fundi cherehani.

Hapo ndipo alipopewa jina la Fungua Tena, na tangu hapo jina la wazazi lilibaki kwenye vitambulisho tu.

Namna yake ya kufanya kazi ilibadilika. Jino gumu alilipangia saa nne asubuhi, wakati jua liko dirishani, kwa sababu taa ile hakuiamini. Alikuwa akilifungua jino analidondoshea dawa ya kusafishia, kisha anakaa kimya kutazama mapovu yanatokea wapi, kama fundi wa matairi anavyozamisha tyubu kwenye karai, na yalipotokea mahali ambapo kitabu hakikusema, hapo ndipo alipoingiza kifaili, akisukuma kidogo, akirudi, akisukuma, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha. Kila jino geni alilichora kwenye daftari, na madaftari yapo kumi na tisa. Limo jino la mbele la chini lenye mifereji miwili, la dereva wa lori. Limo gego la chini ambalo mifereji yake haikutengana, imekwenda kama mwezi mwandamo, la mwalimu wa hesabu, lilimchukua asubuhi nne. Limo jino lililoota ndani ya jino, dogo ndani ya kubwa, la mwanamke muuza vitunguu, na huyo aliambiwa na madaktari watatu kwamba jino lake ni zima, akaletwa kwa Fungua Tena na shemeji yake, na sasa hivi yupo hapa, jino lipo pia.

Vituo vingine vilianza kumletea yaliyowashinda, na mwaka 1991 alipelekwa kusoma tena, miaka mitatu, akarudi ni daktari kamili, akafundisha vijana wengi, na somo lake la kwanza kila mwaka lilikuwa moja, aliweka jino la dada yake mezani, limekatwa vile vile, akasema hili nililitibu mimi. Dada yake hakuwahi kuombwa ruhusa.

Mapungufu yake pia yaandikwe. Alipenda kumtazama mtu mdomoni badala ya machoni, alisahau majina ya watu na kukumbuka meno yao, alimsalimia mkwe wake mbele za watu kwa kumwuliza habari ya chonge, alichelewa chakula, na yeye mwenyewe aliogopa sindano ya ganzi kama mtoto, mwaka 1999 alishikwa mabega na watu wawili, mmoja wao ndiye aliyeandika haya.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2013, na aliendelea kwenda kila Jumatano hadi walipobadilisha kitasa.

NDOA NA WATOTO

Marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 18 Agosti 1984, na msimamizi wa stoo ya dawa wa kituo hicho hicho, mwanamke wa maneno machache na kumbukumbu ndefu, ambaye alipochumbiwa alitoa sharti moja, kwamba akicheka asichunguzwe, na sharti hilo lilivunjwa siku ya harusi. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni mwalimu, ndiye huyu anayesoma, alizaliwa tarehe 6 Julai 1985, wa pili ni fundi umeme, alizaliwa tarehe 19 Januari 1988, wa tatu ni mhudumu wa ndege, alizaliwa tarehe 30 Novemba 1993, na wajukuu saba, na hakuna hata mmoja aliyefuata meno, walichoka kuyasikia mezani.

Wifi wa mwandishi alimtunza marehemu miaka thelathini na tisa na karibu miezi minane bila kumkimbia, na kwa kuwa mwandishi aliishi naye mtu huyo kabla ya hapo, anajua ilivyo kazi, anampongeza.

KADI

Kwa kawaida hapa kunafuata ugonjwa, lakini kwanza lisomwe hili, kwa sababu marehemu aliagiza, na msomaji asiruke mstari.

Kadi ya yule fundi cherehani marehemu aliitunza. Kituo kilipochoma kadi za zamani mwaka 1990 aliiomba, akaiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na jino la dada yake, na kila alipohamishwa kopo lilihama naye. Alimtafuta kwa jina lililoandikwa juu ya kadi. Aliuliza posta, aliuliza shule zilizoshonewa sare, alibandika karatasi kwenye nguzo za soko, alisimama kwenye safu za mafundi wa mji mzima akilitaja jina hilo, na miaka arobaini na mitatu kila aliyemwuliza alitikisa kichwa.

Mwezi wa Januari 2024, akiwa ameshalazwa, alimwomba dada yake amsaidie mara moja ya mwisho. Dada hakuichukua kadi, jina hakulitaja kabisa. Alikwenda kwa mafundi wazee wanaoshonea nyuma ya soko la nguo, akakaa, akashonesha sketi asiyoihitaji, na katikati ya maongezi akauliza ni nani kati yao, zamani, alikuwa akilia jino ambalo daktari alisema haliumi. Hawakufikiri hata kidogo, walicheka wote, wakasema huyo ni Jino Hewa.

Jino Hewa, yaani jino lisilokuwepo. Mmoja wa wale kumi na watatu wa benchi alikuwa mshona mashati wa safu ile ile, alifika na habari kabla mwenyewe hajafika, na tangu siku hiyo fundi hakuitwa jina jingine. Aliolewa nalo, alizaa nalo, alihama mtaa likamfuata. Jino lenyewe aling'oa mwezi wa Machi 1980, lakini jina halikung'oka. Akisema anaumwa kichwa ni jino hewa, akisema amechoka ni jino hewa, na mwaka 1983 aliposhikwa na uchungu wa mtoto wa pili akiwa kwenye cherehani, wenzake walimaliza kwanza kushona walichokuwa wanashona, wakijua ni yale yake, na yeye na mtoto walifika hospitali wakiwa nusu ya kupona na nusu ya kufa. Walipona. Ndiyo maana jina la kwenye kadi halikujulikana na mtu, wale waliolijua walikuwa wameacha kulitumia.

Alikubali kuja. Alikuja siku ya Jumapili, tarehe 4 Februari 2024, saa tisa alasiri, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, na waliokuwepo ni mkewe, dada yake, na muuguzi wa zamu. Marehemu aliomba anyanyuliwe akae. Alimwambia kwamba mwaka 1979 mama huyo alisema kweli na yeye daktari ndiye hakuutafuta mfereji, na kwamba anaomba radhi, na maneno hayo aliyasema vizuri, bila kutafuna.

Fundi alimtazama yeye, akatazama chumba, akasema: "Ulinisema mbele ya benchi, unaniomba radhi mbele ya dripu."

Mkewe alitaka kumjibu, dada akamshika mkono, kwa sababu lilikuwa kweli. Marehemu naye alisema ni kweli. Akaomba kalamu, akaandika kwenye kadi chini ya maneno yale ya zamani, ikamchukua muda, kisha akasema atakwenda mwenyewe kwenye safu ya mafundi, siku ya Jumapili tarehe 21 Aprili, daktari akimruhusu, asimame aseme kwa sauti. Fundi akamwambia sawa, akamwachia kadi, akasema ataichukua siku hiyo.

Fundi alipotoka, marehemu alimwambia dada yake asimdanganye kwamba ataifikia, tarehe 21 ni mbali. Akasema: "Watu watajaa siku moja bila mimi kuwaita. Siku hiyo isomwe, na isomwe kwa sauti."

Jambo hili halikupita kirahisi nyumbani. Wenzake wa kazi walisema si heshima kumzika mtu na kosa lake, watoto walisema baba alifanya mema elfu, kwa nini lisomwe hili, na wifi akasema basi lisomwe, lakini lisisomwe na mtu wa nje, lisomwe na mtoto wake. Ndiyo maana mnamsikia huyu.

UGONJWA NA KIFO

Marehemu alianza kuvimba miguu mwezi wa Oktoba 2022, akapimwa tarehe 17 Novemba 2022 na kuonekana figo zimechoka, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, kila Jumanne na Ijumaa, na kwenye mashine hakuwa mgonjwa mzuri, aliuliza kila mrija unakwenda wapi na kama hakuna mwingine uliosahauliwa. Alilazwa moja kwa moja kuanzia tarehe 3 Januari 2024, na akafariki siku ya Ijumaa, tarehe 12 Aprili 2024, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka sabini na miezi kumi, dada yake amekaa upande wa dirisha na mkewe upande wa mlango.

Ilibaki siku tisa ifike tarehe 21.

Sasa msomaji apaze sauti, na walio nyuma wasogee, wa kule kwenye magari pia. Kadi iliyoandikwa tarehe 10 Oktoba 1979 maneno ya kwamba maumivu ni ya mawazo, chini yake imeandikwa hivi, kwa mkono wa marehemu: "Mgonjwa alisema kweli. Mfereji wa nne ulikuwepo, sikuutafuta. Jino lilikuwa linauma. Aliyewaza vibaya ni mimi. Tarehe 4 Februari 2024." Na sahihi yake.

Mwenye kadi yupo. Amekaa mstari wa mbele pamoja na familia, kiti cha pili kutoka kushoto, amevaa gauni la buluu aliloshona mwenyewe. Wapo hapa pia mafundi wa nyuma ya soko la nguo, tuliwaalika kwa makusudi, na wapo waliokalia benchi lile, wanajijua. Familia inawaomba, kuanzia mtakapotoka kwenye uwanja huu, aitwe Fundi, kama alivyokuwa akiitwa kabla ya siku ile, na atakayesahau akamsikia dada wa marehemu akimkumbusha asilalamike.

Fundi aliulizwa jana kama ana neno la kusomewa. Alisema hana, alisema atasikiliza kwanza kama kweli itasomwa kwa sauti, kisha atachukua kadi yake, na yaliyobaki moyoni ni yake. Familia imeona ni haki. Msomaji anamkabidhi kadi sasa, na tusubiri akae.

SHUKRANI

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliojibu maswali yake yote na mengine mara tatu, Bi Ganzi kwa kumbukumbu yake na kwa kutojificha, wanafunzi wake waliobeba jeneza na wanaoendelea kufungulia meno dirishani saa nne, majirani waliopika na walioazima viti, wafanyakazi wenzake ambao hawakutaka haya yasomwe na bado wamekuja, na mganga mkuu mstaafu mwenye koleo, ambaye naye ni marehemu sasa, bila yeye jino lingebaki mdomoni na sisi tusingejua.

Kati ya wale sitini na watatu hakuna aliyebaki bila kufikiwa. Orodha imekwisha, mdogo wake dada, lala, pumzika kwa amani.